Mvutano haukomi angani: kuanzia chupa ya maji hadi mizani ya korosho

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie sentensi moja iliyozoeleka mno: kwamba angani hakuna nguvu ya mvutano, na ndiyo maana wanaanga wanaelea. Hujitokeza kila panapokuwa na habari ya roketi. Imo redioni, imo magazetini, na wanafunzi wanaoingia kidato cha kwanza huku Mtwara wanakuja nayo tayari. Si kweli. Wala si ukweli uliorahisishwa kwa ajili ya watoto. Ni kinyume cha mambo yalivyo, na mwanafunzi akishaimeza, mada zinazofuata humgomea: mwendo wa setilaiti, kupwa na kujaa kwa bahari, tofauti ya tungamo (kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu) na uzito (nguvu inayokivuta kitu hicho). Tutaonyesha pia kwamba jambo hili linafika hadi kwenye mizani ya korosho, kwa hiyo halimhusu mwanafunzi peke yake.

Tuanze na hesabu. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia kikiwa juu kiasi cha kilomita 400. Huo ni karibu umbali uleule wa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka. Sasa, mvutano wa dunia hupungua kwa mraba wa umbali, na umbali unaohesabiwa ni kutoka kitovu cha dunia, si kutoka ardhi tunayoikanyaga. Hapo ndipo wengi hukosea. Kutoka kitovuni hadi usoni pa dunia ni kilomita 6,371. Ukiongeza zile 400 unapata 6,771. Gawanya 6,371 kwa 6,771, utapata 0.94, zidisha jibu hilo kwa lenyewe, unabaki na 0.885. Maana yake, mahali kituo kilipo mvutano ungali karibu asilimia 89 ya ule wa ardhini. Mchapuko wa kuanguka, ambao hapa kwetu ni kama mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kule ni 8.7. Mtu wa kilo 70 anavutwa kwa nyutoni (kipimo cha nguvu) 685 akiwa Mtwara, na kwa nyutoni 608 akiwa ndani ya kituo. Kama ingewezekana kujenga mnara wa kilomita 400 na mtu akasimama kileleni, angehisi uzito wake karibu wote.

Mbona basi wanaelea? Wanaelea kwa sababu wanaanguka, na kila kitu kilichowazunguka kinaanguka pamoja nao kwa kadiri ileile: sakafu, kuta, kijiko, tone la maji. Hakuna kinachomtangulia mwenzake, kwa hiyo hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Uzito tunaouhisi tukiwa tumesimama ni msukumo wa sakafu kwenye nyayo. Sakafu ikiacha kusukuma, hisia ya uzito hutoweka, ingawa mvutano uko palepale.

Na mbona hawafiki chini? Kwa sababu ya mwendo wa ubavuni. Kituo kinakwenda karibu kilomita 7.67 kwa sekunde moja. Ndani ya sekunde hiyo kinaanguka mita 4.3 kuelekea duniani. Lakini dunia ni duara, na ukitembea kilomita 7.67 juu ya njia ile, uso wa dunia nao unakuwa umejipinda kwenda chini kwa mita 4.3 hizohizo. Kinaanguka, ardhi inakikwepa. Sekunde inayofuata hivyohivyo, na baada ya dakika 92 hivi kimemaliza duru. Ukiupunguza mwendo ule, anguko linazidi mpindo, na chombo kinarudi duniani. Ndivyo wanaanga wanavyoshushwa: injini huwashwa kinyume na uelekeo wa safari kwa dakika chache ili mwendo upungue kidogo tu, na mvutano unafanya kazi iliyobaki.

Jambo hili linaweza kuonyeshwa katika shule yoyote ya kata bila maabara. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu. Pasha moto msumari, toboa tundu la milimita 3 hadi 4 ubavuni, sentimita 3 hivi juu ya kitako. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji mpaka karibu na shingo, yatie rangi ya chakula yaonekane vizuri. Panda ngazi ya fundi au simama kwenye ghorofa ya kwanza, mkono ukiwa mita 3 kutoka chini, ukuta mweupe ukiwa nyuma. Ondoa kidole: maji yanatoka kwa mshale. Kisha iachie chupa, bila kuisukuma. Inapoanguka, mshale wa maji unakatika. Tundu liko wazi, maji yamejaa, na hata tone halitoki hadi chupa ifike chini. Anguko lote huchukua sekunde 0.78, kwa hiyo mwanafunzi mmoja aliye na simu arekodi kwa mwendo wa polepole. Simu inayochukua picha 120 kwa sekunde itapata zaidi ya picha 90 za anguko hilo. Chini weka mchanga ili chupa isipasuke, irudiwe tena.

Sababu ni hii. Chupa ikiwa mkononi, maji ya chini yanabeba uzito wa maji ya juu. Safu ya maji ya sentimita 25 inakandamiza kwa paskali kama 2,450 pale kwenye tundu, na kanieneo hiyo ndiyo inayorusha mshale. Chupa ikiachiwa, maji ya juu na ya chini yanaanguka sawia, hakuna anayembeba mwenzake, kanieneo inaisha. Muulize mwanafunzi: je, katika sekunde ile mvutano ulitoweka? Atajibu mwenyewe kwamba haiwezekani, maana ndio uliokuwa unaishusha chupa. Akishasema hivyo ameelewa Kituo cha Anga.

Jaribio hili huharibika kwa njia chache zinazojulikana. La kwanza ni kusahau kufungua kifuniko. Kifuniko kikiwa kimefungwa hewa haiingii, maji yanaacha kutoka hata kabla ya kuachia, na darasa linashangilia uthibitisho ambao si uthibitisho. La pili ni kuizungusha chupa wakati wa kuiachia. Mzunguko huyasukuma maji nje na mshale hauishi. La tatu, maji kidogo: chupa nyepesi hucheleweshwa na hewa huku maji yaliyomo yakitaka kushuka upesi zaidi, kwa hiyo yanaendelea kuchuruzika. Ijazwe. Na tundu lisiwe dogo kuliko milimita 3, maana utando wa uso wa maji unaweza kulizuia tone hata chupa ikiwa imesimama mezani.

Mwalimu asiishie hapo. Airushe chupa juu. Mshale unakatika mara tu chupa inapotoka mkononi, wakati bado inapanda. Kwetu hii ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, kwa sababu mwanafunzi anadhani kuanguka ni kushuka. Sivyo. Kitu kilichoachiwa na kila kitu isipokuwa mvutano kinaanguka, hata kama kwa sasa kinapanda au kinakwenda ubavuni.

Kwa nini maji na chupa vianguke sawa wakati kimoja kizito na kingine chepesi? Mvutano humvuta mzito zaidi, lakini mzito naye ni mgumu zaidi kuchapuliwa, na viwili hivyo hulingana kabisa. Mkwezi akiangua dafu na kitale kwa pamoja kutoka mita 15, vyote hutua baada ya sekunde 1.75 hivi vikiwa na kasi ya kilomita 60 na ushei kwa saa. (Kwa hiyo asiwepo mtu chini ya mnazi, kilo moja na nusu kwa kasi hiyo huua.) Kuti kavu hutua baadaye, kwa kuwa hewa inalizuia. Penye ombwe, yaani pasipo hewa, hakuna cha kulizuia: tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja juu ya Mwezi, na vilifika chini wakati mmoja mbele ya kamera. Mwezini mchapuko ni 1.62 tu, kwa hiyo nyundo ilishuka kivivu, lakini ilishuka. Huko nako ni angani, na mvutano upo.

Tukipanda juu zaidi ya Kituo, mvutano unazidi kupungua bila kukoma. Setilaiti zinazotuletea televisheni ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mvutano wa dunia huko ni sehemu moja ya 44 ya ule wa ardhini, na bado unatosha kuipinda njia ya chombo kinachokwenda kilomita 3.07 kwa sekunde, kikamaliza duru kwa saa 23 na dakika 56, sawa na dunia yenyewe inavyojizungusha. Ndiyo maana dishi likishafungwa juu ya bati pale Chikongola halihitaji kugeuzwa. Mvutano ungekoma, setilaiti ingekwenda zake moja kwa moja. Mwezi nao uko umbali wa mara 60 ya nusu kipenyo cha dunia. 60 mara 60 ni 3,600. Kitu kilichoachiwa hapa huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Igawe kwa 3,600 unapata milimita 1.36, na hicho ndicho kiasi ambacho Mwezi hupinda njia yake kuelekea kwetu kila sekunde. Newton alipochapisha kanuni yake mwaka 1687, ulinganifu huo ulikuwa miongoni mwa hoja zake nzito.

Mtu anayeshikilia kwamba angani hakuna mvutano hana jinsi ya kueleza bamvua (siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida), na huku kwetu bamvua si jambo la vitabuni. Wanaokwenda kuchokoa pweza na wanaolima mwani hupanga siku zao kwa bamvua na maji mafu (siku bahari inapopanda na kushuka kidogo). Nguvu inayoinua maji hayo inatoka Mwezini, kilomita 384,400, ikipita katika anga hilohilo linalodaiwa kuwa halina kitu.

Wengi wanajua kwamba Mwezi huvuta bahari, lakini wanakwama kwenye swali la kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku na si mara moja. Jibu ni lilelile la chupa. Dunia nzima inaanguka kuelekea Mwezini, kama vile Mwezi unavyoanguka kuelekea kwetu, na vitu vinavyoanguka pamoja havisukumani. Ila dunia ni kubwa. Upande ulioelekea Mwezi unavutwa kidogo zaidi kuliko kitovu, na upande wa nyuma unavutwa kidogo pungufu. Maji ya mbele yanatangulia, ya nyuma yanabaki. Maji yanainuka pande zote mbili, na dunia inapojizungusha sisi tunapita penye mwinuko mara mbili. Kwa kuwa Mwezi nao unasogea, duru kamili ni saa 24 na dakika 50, ndiyo maana maji ya leo huchelewa kuliko ya jana kwa dakika 50 hivi.

Jua huivuta dunia mara 178 kuliko Mwezi, lakini kinachoinua maji ni tofauti ya mvutano kati ya upande mmoja na mwingine, na tofauti hiyo hupungua kwa umbali uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Jua liko mbali sana, kwa hiyo mchango wake haufiki nusu ya ule wa Mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, Jua na Mwezi huvuta kwenye mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua, maji yakipanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu katika pwani yetu. Mwezi ukiwa nusu, vinavuta kwa pembe mraba na kupunguzana nguvu: maji mafu.

Sasa tuje kwenye kupima mvutano wenyewe, maana hapa ndipo tunaona kazi mbovu ikifanywa shuleni. Jaribio la pendulamu (kitu kizito kinachoning'inia kwenye uzi na kupiga huku na huku) linafanyika kila mwaka na kila mwaka wanafunzi wengi hupika namba. Wanajua kitabu kinasema 9.8 au 10, wanarudi nyuma kutafuta vipimo vitakavyotoa jibu hilo. Hawahitaji kupika. Mshipi wa kuvulia na chubwi la risasi vinatosha kupata jibu zuri, mradi mambo machache yazingatiwe.

Mshipi ubanwe kati ya vipande viwili vya mbao vilivyonyooka, usifungwe fundo kwenye msumari, kwa sababu fundo huteleza na urefu hubadilika kila chubwi linapokwenda upande. Chubwi lifungwe kwanza, likae limening'inia dakika chache, ndipo urefu upimwe. Mshipi wa nailoni hurefuka ukibebeshwa mzigo. Pima kutoka kwenye ukingo wa chini wa mbao hadi katikati ya chubwi, uweke mita moja kamili. Livute pembeni sentimita 10 hadi 15 tu, uliachie lisiende mviringo. Hesabu mipigo 20, kwenda na kurudi ikiwa mpigo mmoja, na saa ianzishwe chubwi linapopita katikati, mahali linapokwenda mbio, si kule pembeni linakosimama kidogo. Gawanya muda kwa 20 upate muda wa mpigo mmoja, uzidishe kwa wenyewe, kisha 39.48 mara urefu wa mita, gawanya kwa jibu hilo: unachopata ndicho mchapuko wa kuanguka. Hapa Mtwara mipigo 20 huchukua kama sekunde 40.2.

Makosa yana sura zake, na mwalimu mwangalifu huyatambua kwa jibu tu. Mwanafunzi akileta 10.8, ameanza kuhesabu "moja" wakati wa kuwasha saa badala ya "sifuri", kwa hiyo amepima mipigo 19 akagawa kwa 20. Akileta 39, amehesabu kwenda kuwa mpigo na kurudi kuwa mpigo mwingine. Akileta 9.6, huenda amepima mshipi hadi kichwani mwa chubwi akaacha nusu ya urefu wa chubwi lenyewe. Akileta 9.4 hivi, ameuvuta mshipi sana. Kwenye pembe ya digrii 30 mpigo hurefuka kwa asilimia 1.7, na kosa hilo hujidabali kwenye jibu. Na yule aliyepima mpigo mmoja tu anaweza kuleta chochote, kwa sababu kidole kikichelewa sehemu mbili za kumi ya sekunde ndani ya sekunde mbili, jibu huyumba kwa asilimia 20. Majibu haya yote yana manufaa kuliko 9.8 iliyopikwa, maana kila moja linaonyesha kilichotokea. Tunawasihi walimu wenzetu wayape alama kwa maelezo ya kosa.

Jibu sahihi la huku si 9.81 iliyozoeleka vitabuni. Mtwara iko nyuzi 10 na robo kusini mwa ikweta, usawa wa bahari, na hapa mchapuko ni 9.782. Ikwetani kwenyewe ni 9.780, kwenye ncha za dunia 9.832. Dunia imevimba kiunoni, nusu kipenyo cha ikweta kikizidi kile cha nchani kwa kilomita 21, na mzunguko wake hutupunguzia kidogo tuliokaa karibu na kiuno. Jean Richer aliliona hilo mwaka 1672 alipopeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta: ilichelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku ingawa haikuharibika. Kuiona tofauti hiyo shuleni kunataka mipigo 100 na urefu uliopimwa bila kukosea zaidi ya milimita moja. London mipigo 100 ya mita moja huchukua sekunde 200.6, Mtwara 200.9.

Tofauti ya asilimia 0.3 inaonekana ndogo mpaka ifike ghalani. Mizani ya mawe, yenye sahani mbili, hailinganishi kitu ila tungamo kwa tungamo. Mvutano ukipungua hupungua pande zote mbili, na jibu ni lilelile Mtwara, London hata Mwezini. Mizani ya springi na ya kidijitali ni kitu kingine. Hizo hupima msukumo wa gunia kwenye chuma kinachopinda kidogo mno, kisha huutafsiri msukumo huo kuwa kilo kwa namba ya mvutano iliyowekwa wakati wa kurekebishwa. Gunia la kilo 80 likiwekwa kwenye mizani ya namna hiyo juu ya Mwezi litasomeka kilo 13 na robo, ilhali korosho hazijapungua hata moja. Na mizani iliyorekebishwa London, ambako mchapuko ni 9.812, ikiletwa ghalani Mtwara bila kurekebishwa upya, gunia hilohilo litasomeka pungufu kwa gramu 245. Kwenye tani kumi ni kilo 30 na nusu za mkulima ambazo hazionekani kwenye stakabadhi, bila mtu yeyote kukusudia kumwibia.

Kubonyeza kitufe cha sifuri hakuondoi kosa hili. Sifuri hurekebisha mizani tupu, na mizani hiyo ikiwa tupu haina kosa; kosa hukua kadiri mzigo unavyokua. Kwa sababu hiyohiyo, kuipima kwa jiwe la kilo 5 hakusaidii: hapo kosa ni gramu 15, na mizani inayosoma kwa hatua ya gramu 50 au 100 haiwezi kulionyesha. Inabidi mawe yaliyothibitishwa, yanayokaribia uzito wa gunia lenyewe, yawekwe hapohapo ghalani. Utaratibu unaofaa ni kuiwasha mizani mapema ipate joto lake, kuiweka sawa kwa kuangalia kiputo cha pima maji, kuhakikisha jukwaa haligusi ukuta wala gunia la pembeni, kuweka sifuri, kupandisha mawe katikati kisha kwenye kila pembe, na kuyapandisha tena baada ya kurekebisha. Kiputo kisidharauliwe. Mizani iliyoinama digrii 5 hupoteza gramu 300 kwenye kilo 80, zaidi ya hata ile tofauti ya London, kwa sababu mvutano hauelekei tena moja kwa moja kwenye chuma kinachopima. Mizani iliyorekebishwa mikoa ya nyanda za juu na kuletwa pwani nayo ina kosa lake, dogo, chini ya gramu 50 kwa gunia na safari hii kwa faida ya muuzaji.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuibandika stika, na kazi hiyo tunaiheshimu. Ila mizani ikihamishwa baada ya kukaguliwa, ikaangushwa, au ikawekwa kwenye sakafu iliyopinda, stika haiwezi kujua.

Tunakuomba mambo mawili, ndugu Mhariri. Kwanza, kurasa zako za sayansi zinapowaeleza wanaanga, ziandike kwamba wanaelea kwa kuwa wanaanguka pamoja na chombo chao. Sentensi haitakuwa ndefu kuliko ile ya zamani. Pili, kabla ya minada ya korosho kufunguliwa, ukurasa wa kilimo uchapishe utaratibu huu wa mizani, na umwambie mkulima maswali ya kumuuliza mpimaji kabla gunia la kwanza halijapanda jukwaani: mizani hii ilirekebishwa wapi, kwa mawe ya kilo ngapi, na kiputo chake kiko wapi?

Walimu wa Fizikia,
Mtwara